Kifurushi cha Nyumbani au cha Biashara? Soma Kabla Hujasaini

Swali linalotufikia mara nyingi kutoka Moshi na vijiji vya mlimani ni hili: "Nina nyumba ya wageni ya vyumba sita Rau. Kifurushi cha nyumbani kinanitosha, au nichukue cha biashara ambacho bei yake imeruka mno?" Leo anayeuliza ni mwenye ofisi ya kupandisha watalii, kesho mwenye stesheneri karibu na Chuo cha Ushirika, keshokutwa ni mama wa Kibosho ambaye mwanawe anafanyia kazi kampuni ya nje akiwa sebuleni.

Jibu letu la haraka litawaudhi wauzaji: wengi mnaouliza hamhitaji kifurushi cha biashara. Wapo wachache wanaokihitaji kwelikweli, na cha ajabu, wengi wa hao ndio waliojifunga kwenye kifurushi cha nyumbani kwa sababu ni rahisi.

Tofauti haiko kwenye kasi

Watu hudhani ukilipa ya biashara unapata waya mwingine, wenye mbio zaidi. Mara nyingi waya ni uleule, nguzo ni zilezile, na data yako inapita njia ileile hadi Dar es Salaam na kuingia baharini. Mei 2024, nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipopata hitilafu, intaneti ilizorota Tanzania na nchi jirani. Hitilafu ya namna hiyo haimuulizi mtu amelipia kifurushi gani. Aliyesalimika ni yule ambaye mtoa huduma wake alikuwa na njia nyingine ya kutokea.

Unacholipia kwenye kifurushi cha biashara ni mambo haya:

- kugawana laini na watu wachache zaidi, au kutogawana kabisa;
- kasi ya kupandisha inayolingana na ya kushusha;
- ahadi ya maandishi kwamba mtandao ukikatika utashughulikiwa ndani ya muda fulani;
- anwani ya IP isiyobadilika, ukiihitaji;
- ruhusa ya kuwahudumia wateja kwa mtandao huo;
- ankara yenye jina na TIN ya biashara yako.

Kama hakuna hata kimoja kati ya hivyo unachokihitaji, usisome zaidi. Chukua cha nyumbani, pesa inayobaki nunua betri ya ruta.

Neno "hadi"

Tangazo likisema "hadi Mbps 20", neno la kuangalia ni hilo "hadi". Kwenye faiba za majumbani, uzi mmoja unaotoka kwa mtoa huduma hugawanywa kwa nyumba 32 au 64 kupitia kisanduku kidogo kilicho nguzoni. Teknolojia iliyoenea, GPON, inabeba takriban Gbps 2.5 kwenda kwa wateja na Gbps 1.25 kurudi, na hizo ndizo mnazogawana. Saa nne asubuhi majirani wako kazini, wewe unapeta. Saa mbili usiku kila nyumba ya Shanty Town inaangalia filamu, na ile "hadi" inaanza kukueleza maana yake.

Na tumalize hapahapa lile la kuchanganya megabiti na megabaiti. Mbps 20 si megabaiti 20 kwa sekunde. Gawanya kwa 8, unapata megabaiti 2.5. Malalamiko kadhaa ya kwamba "nimeibiwa" yanaishia hapo.

Kupandisha ndiko kunakoumiza Moshi

Mjini Dar mtu anashusha: filamu, michezo, masasisho ya simu. Moshi tuna balaa letu. Kundi la wageni limeshuka kupitia Mweka baada ya siku sita au saba mlimani. Wanafika hotelini alasiri, wanaoga, wanaunganisha simu. Kila simu, bila mwenyewe kuiambia, inaanza kupandisha mamia ya picha na video kwenye hifadhi ya mtandaoni. Kumi na mbili kwa pamoja. Wakati huohuo mhudumu wa mapokezi anajaribu kukata malipo ya kadi, mashine inazunguka na kuzunguka, na mgeni wa chumba namba nne anampigia mkewe simu ya video, picha inaganda. Upande wa kupandisha ukijaa, hata kushusha kunakwama, kwa sababu kila kinachoshuka kinahitaji kutuma majibu juu kwamba kimefika.

Fanya hesabu. Video ya gigabaiti 4 ni megabiti 32,000. Kwenye laini yenye Mbps 5 za kupandisha inachukua sekunde 6,400, karibu saa moja na dakika 47, ikiwa hakuna mwingine anayetumia. Kwenye Mbps 20 inachukua dakika 27 hivi. Kwa hiyo usimuulize muuzaji "kasi ni ngapi?" Muulize: "Ya kupandisha ni ngapi?" Akisita, andika jibu lake ukiwa naye.

Kabla hujakimbilia kifurushi cha bei kubwa, jaribu dawa isiyo na gharama. Ruta nyingi zina sehemu ya kuweka kikomo kwa kila kifaa au kwa mtandao wa wageni. Wape wageni sehemu yao, ibakize ya ofisi. Tumeona nyumba za wageni zikitulia kwa hilo tu.

Ahadi ya asilimia, na Ijumaa jioni

Mikataba ya biashara hupenda asilimia. "Huduma itapatikana kwa asilimia 99." Inasikika vizuri. Mwezi wa siku 30 una saa 720. Asilimia moja ni saa 7 na dakika 12. Mtoa huduma anaweza kukukatia kutwa nzima ya kazi kila mwezi na bado hajavunja ahadi. Asilimia 99.5 ni saa 3 na dakika 36. Asilimia 99.9 ni dakika 43. Tofauti ya hizo desimali ndiyo inayopandisha bei.

Asilimia peke yake haitoshi. Soma kifungu cha matengenezo polepole, kidole kwenye mstari. Angalia:

- Wameandika muda wa kujibu au muda wa kurudisha huduma? Kujibu ni kupokea simu yako na kukupa namba ya malalamiko. Kurudisha ni taa ya ruta kuwaka kijani.
- Saa zinahesabiwa mfululizo, au ni "saa za kazi"? Kama ni saa za kazi, hitilafu ya Ijumaa jioni inaanza kuhesabiwa Jumatatu, na wageni wako wameshaondoka na kuandika maoni yao.
- Fundi anatoka wapi? Kama mafundi wote wako Arusha, kilomita 80 hivi, mvua ya Aprili ikinyesha utawasubiri.
- Wakishindwa kutimiza, wanakufidia nini? Mkataba usio na fidia ni maneno mazuri tu.

Kifurushi cha nyumbani kwa kawaida hakina kifungu hicho. Utahudumiwa foleni ikifika. Kwa familia, hilo linavumilika.

Nani achukue kipi

*Familia, wanafunzi, saluni, duka la rejareja, wakala wa fedha.* Cha nyumbani. Mashine nyingi za risiti za EFD zina laini zake za simu ndani, haziitegemei ruta yako. Wakala anahitaji zaidi simu mbili za mitandao tofauti kuliko anavyohitaji faiba.

*Anayefanyia kazi nyumbani.* Cha nyumbani, pamoja na laini ya akiba. Mkutano wa video wenye picha nzuri unakula Mbps 3 hadi 4 kila upande, si zaidi. Anachohitaji huyu ni mtandao usiokatika, na njia mbili za bei nafuu zinampa hilo kuliko moja ya bei kubwa.

*Ofisi ya utalii.* Inategemea mnafanya nini. Kama ni barua pepe, WhatsApp na kuingia kwenye mfumo wa malipo ya hifadhi kupata namba ya malipo, cha nyumbani kinatosha ofisi ya watu wanne au watano. Kama mnatengeneza video na kuzituma nje kila siku, au mna seva yenu ya ndani, nendeni kwenye cha biashara.

*Nyumba za wageni na hoteli.* Hapa ndipo penye utata. Vyumba vitano au sita, wateja wa ndani wanaolala usiku mmoja: cha nyumbani kinaweza kubeba, mradi masharti hayakatazi. Ukianza kupokea makundi ya mlimani, au ukiwa umeandika "intaneti ya kasi" kwenye tangazo lako la vyumba, umeshamuahidi mgeni kitu ambacho mtoa huduma wako hajakuahidi wewe. Ahadi hizo mbili zilingane. Tena kuna jambo moja linalotubana: kampuni ya simu ya TTCL ilifikisha intaneti Horombo, kule mlimani, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, Agosti 2022. Mtu aliyetuma picha akiwa huko hatakuelewa ukimwambia kwamba Marangu chini mtandao unasumbua.

*Intaneti kafe.* Cha biashara, hakuna mjadala. Kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 zilimtaka mwenye kafe awe na anwani za IP za umma zisizobadilika kwa kompyuta zake, daftari la watumiaji wanaoonyesha kitambulisho, na kamera za ulinzi, kumbukumbu zikitunzwa miezi 12. Kifurushi cha nyumbani kwa kawaida hakikupi anwani ya namna hiyo. Unashiriki moja na wateja wengine wengi. Kabla ya kufungua, pitia mamlaka ya mawasiliano, TCRA, uchukue masharti yanayotumika sasa.

*Zahanati, Saccos, shule.* Kama kumbukumbu zenu zinafunguliwa kupitia mtandao na kazi inasimama ukikatika, lipeni ya biashara bila kulalamika.

"Lakini…"

*"Lakini jirani yangu ana hoteli na anatumia cha nyumbani miaka yote."* Hatusemi polisi watakuja. Tunasema kwamba siku ya hitilafu huna mkataba wa kushika mkononi, na kama masharti yanakataza matumizi ya kibiashara, mtoa huduma ana haki ya kukusimamisha. Hiyo siku huwa haichagui msimu.

*"Niweke faiba moja niwauzie majirani watatu."* Kuuza huduma ya mawasiliano kunahitaji leseni chini ya Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta ya mwaka 2010. Kifurushi cha biashara nacho hakikupi leseni hiyo. Kumgawia shemeji waifai ni undugu. Kumtoza kila mwezi ni biashara nyingine.

*"Nimeambiwa kamera za ulinzi zinahitaji anwani maalumu ya IP."* Kamera nyingi zinazouzwa sasa zinapitia seva ya mtengenezaji, unaziangalia kwenye simu ukiwa popote. Muuzaji akikupandishia bei kwa sababu hiyo, mwombe akuonyeshe kamera yako inayoihitaji.

*"Mimi niko Machame juu, faiba haifiki."* Hapo swali linabadilika, na linastahili sehemu yake.

Huko juu, kwenye migomba

Ukitoka barabara ya lami na kuingia vihambani, una njia mbili hasa: ruta ya laini ya simu, au antena inayotazamana na mnara wa mtoa huduma.

Ruta ya laini ni rahisi kuanza. Nayo inauzwa kwa majina mawili, nyumbani na biashara, na hapa tuseme ukweli: jina la biashara kwenye ruta ya laini mara nyingi ni ukubwa wa bando na namna ya kulipa. Mnara ni mmoja, unaugawana na simu zote za kijiji. Jaribio lake tunalijua wote. Desemba, Wachaga wakirudi nyumbani kutoka Dar, Arusha, Mwanza na kwingineko, Rombo na Marangu zinajaa watu, kila mtu ana simu, na mtandao uliokuwa unakimbia Novemba unaanza kutambaa. Kama biashara yako inategemea wageni wa Krismasi, usiamini kipimo ulichofanya Novemba.

Antena ya kutazamana ni nzuri zaidi, na hapo kifurushi cha biashara kina maana, kwa kuwa kasi inaweza kutengwa kwa ajili yako. Kasoro yake ni miti. Mgrevilea unakua haraka, na majani yaliyolowa masika yanakula mawimbi. Mwombe fundi aweke antena juu ya paa kwenye bomba refu, na mkubaliane nani atakata matawi.

Kuhusu sahani za setilaiti: Starlink ilianza kuuza huduma Kenya mwaka 2023, na tangu hapo kila mtu ana rafiki wa Taveta. Kununua kule na kuvusha mpaka wa Holili hakukupi ruhusa ya kutumia hapa. Uliza TCRA kuhusu leseni ya huduma na uthibitisho wa kifaa kabla ya kutoa hata shilingi.

Kabla ya kusaini

1. Andika nani anatumia nini kati ya saa moja na saa tatu usiku. Filamu ya HD ni Mbps 5 hivi, mkutano wa video 3 hadi 4. Jumlisha. Ukipata 18, huhitaji 100.
2. Piga hesabu ya siku moja bila mtandao: unapoteza kiasi gani kwa shilingi? Linganisha na nyongeza ya bei ya kifurushi cha biashara kwa mwezi. Tuseme nyongeza ni 100,000 na siku moja bila mtandao inakugharimu 30,000. Itabidi ukatikiwe zaidi ya siku tatu kila mwezi ndipo nyongeza ijilipe. Tuseme siku hiyo inakugharimu 400,000. Acha kubishana, saini.
3. Uliza majirani wawili wanaotumia mtoa huduma huyo kwenye barabara yako. Wa Soweto hawezi kukushuhudia hali ya Kiboriloni.
4. Omba mkataba mzima usome nyumbani. Angalia muda wa kufungwa, gharama ya kuvunja, ruta ni ya nani ukiondoka, na kama kuna kiwango cha data ambacho ukikivuka kasi inashushwa.
5. Uliza kama unaweza kuanza na cha nyumbani kisha kupanda bila kulipia ufungaji upya. Wengi hukubali kuliko kukosa mteja.

Makosa yanayorudiwa

Kulaumu laini wakati tatizo ni waifai. Ruta imefungiwa kabatini mapokezi, vyumba viko nyuma ya kuta mbili za mawe. Chomeka kompyuta kwa waya kwenye ruta na upime. Ukipata kasi uliyolipia, nunua kisambazaji cha pili, usinunue kifurushi kingine.

Kusahau umeme. Hakuna kifurushi kinachofanya kazi ruta ikiwa imezima. Faiba ya majumbani ina uzuri mmoja: kisanduku cha nguzoni hakihitaji umeme, hivyo TANESCO wakikata mtaa wako, ukiwasha kifaa cha faiba na ruta kwa betri unaweza kuendelea. Betri ndogo za ruta zinapatikana madukani. Hakikisha volti zinalingana na za kifaa, na kumbuka vifaa ni viwili, si kimoja.

Akiba inayopita njia moja. Kampuni mbili za faiba kwenye nguzo moja ni akiba ya jina tu. Lori likigonga nguzo, zote zinalala. Akiba ya faiba iwe ruta ya laini ya simu, na uiwashe mara moja kwa mwezi kuona kama bando bado lipo.

Wageni na ofisi kwenye mtandao mmoja. Una nakala za pasipoti za wateja kwenye kompyuta, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inakudai uzilinde. Tenga mitandao miwili, manenosiri mawili. Hii ni bure hata kwenye kifurushi cha nyumbani.

Ankara kwa jina la mtu. Kama umesajiliwa VAT, ile asilimia 18 unayolipa kwenye intaneti ya biashara inahesabika pale risiti inapokuwa na jina na TIN ya biashara. Umesajili laini kwa jina la shangazi? Mwambie mhasibu mapema.

Fundi wa pembeni. Anakuja amevaa fulana ya kampuni, anasema atakuongezea kasi ukimpa kitu. Mpango huo haupo kwenye mkataba, na siku ukizimwa hutakuwa na pa kulalamikia.

Ukikwama

Piga simu kwa mtoa huduma, dai namba ya malalamiko, andika tarehe na saa. Piga picha taa za ruta na kipimo cha kasi kilichopimwa kwa waya. Usiporidhika, peleka lalamiko TCRA. Ofisi ya Kanda ya Kaskazini iko Arusha. Lalamiko lenye namba, tarehe na picha linasikilizwa. La "mtandao wao mbovu" linabaki mezani.

Na ninyi mnaongoja kundi la kwanza la msimu, badilisheni au pimeni sasa, si wiki ya pili ya Juni. Wageni wakishaanza kuingia, mafundi nao wana foleni.